Mstari Niliouruka

Bertrams, Joburg, Jumamosi asubuhi

Mwanangu Faida,

Mama yako amekukalisha kwenye kiti cha saluni tangu mapema, na namjua, hakuachii kabla ya saa kumi. Rasta ndefu kama ulizochagua zinampa nafasi ya kukuusia kila anachokijua na vingine asivyovijua. Habari za koti la baridi, za pasipoti, za kutopokea mzigo wa mtu uwanja wa ndege, yote ameshakuambia na leo atarudia. Hayo nimemwachia yeye. Mimi kila ninachojua kuhusu Ujerumani nilikipata kwenye kitabu kimoja tu, na kitabu chenyewe hakina habari za makoti.

Nakuandikia kwa Kiswahili makusudi. Tangu darasa la kwanza nakusemesha Kiswahili unanijibu Kiingereza, na ukiwa na wenzako pale kwenye kiduka cha spaza ni Kizulu kitupu. Najua barua hii itabidi uisome kwa sauti, neno moja moja, kidole chini ya mstari. Ndivyo ninavyotaka. Utaikuta kitandani kwako ukirudi, na mimi sitakuwepo. Nitakuwa nimeenda kutembea upande wa Troyeville, kwenye ile nyumba ya bati jekundu ya Mzee Ewald, ingawa hakuna mtu ninayemjua pale tena.

Mzee Ewald wewe ulimjua kama babu wa biskuti. Ndiye aliyekufundisha kuhesabu Kijerumani kwenye baraza lake, ukiwa na meno mawili ya mbele pungufu, na nadhani ndiye chanzo cha wewe kesho kupanda ndege kwenda kusomea unesi kwao. Mimi nilimjua kwa namna nyingine. Nilienda kwake kurekebisha geti siku moja, nikakaa miaka tisa. Nilianza na bustani, nikaja kwenye kununua vitu dukani, na mwishoni nilikuwa namwogesha. Mgongo wake naujua kuliko ninavyoujua wa baba yangu mzazi.

Macho yalipomwishia kabisa, aliniomba nimsomee. Nikamwambia, Mzee, mimi Kijerumani sijui hata salamu. Akasema si lazima nijue, nisome tu. Na kweli, mwanangu, Kijerumani kinasomeka. Irabu zao ni zetu, a ni a na u ni u, hawabadiliki badiliki kama Waingereza. Alinifundisha herufi chache zenye ukaidi, nikaanza kusoma kwa matamshi ya mtu wa Kivu. Siku ya kwanza alicheka mpaka akakohoa, akasema nasoma kama padre mgeni aliyeletwa parokiani jana. Lakini alielewa kila kitu. Mimi ndiye niliyekuwa sielewi chochote. Kila baada ya kurasa mbili tatu ananisimamisha na kunieleza kwa Kiingereza nilichokuwa nimesoma. Kosa langu lilikuwa moja, kuruka mstari. Jicho linashuka vibaya, naruka, na yeye papo hapo anagonga mkono wa kiti na kusema, "Umeruka mstari." Kitabu kile alikuwa karibu anakijua kwa moyo.

Unakikumbuka, kile cha jalada la kijivu ambacho ulikatazwa kukishika na mikono ya biskuti. Kilikuwa historia ya divisheni moja ya askari wa miguu wa Kijerumani katika vita kuu ya pili. Waliokiandika ni askari wenyewe waliobaki, miaka mingi baada ya vita, wakiwa wazee wenye vitambi na maduka. Baba yake Ewald alikuwa mmoja wao. Katika divisheni ile alikuwa karani wa kikosi, mtu wa taipureta, na kwenye kamati ya kitabu akapewa sura mbili za kuandika.

Nilikisoma chote mara mbili, kwa hiyo historia ile naijua kuliko historia ya kabila langu. Wanaume wa divisheni walitoka wilaya moja. Waoka mikate, wakulima, makarani, wote wakisema lafudhi moja na wakijuana mpaka majina ya mbwa. Wewe ukisikia jeshi la Wajerumani utafikiri vifaru, mimi pia nilifikiri hivyo. Hawa walitembea kwa miguu, na mizinga yao ilivutwa na farasi, farasi kwa maelfu. Walienda kwanza magharibi, Ufaransa, vita vya wiki chache, na sura hiyo imejaa divai na picha za askari wakicheka. Halafu wakageuzwa mashariki, kwenye nchi za Warusi, na huko kitabu kinakuwa ni kutembea tu. Vumbi mpaka kooni, kisha tope, kisha baridi ya kuua. Buti zinaganda miguuni. Farasi wanakufa wamesimama. Wanakwenda mbele miezi na miezi, halafu wanarudi nyuma miaka, mwishowe wanazingirwa na divisheni inaisha. Waliobaki hai walichukuliwa mateka, na wengine hawakurudi kwao mpaka watoto wao walipokuwa wameshaanza shule. Baba yake Ewald alikuwa mmoja wa hao. Ewald alikutana naye kwenye stesheni ya treni akamsalimia kama mgeni.

Nitakuambia ukweli, nilikuwa nawahurumia. Sikutaka, lakini ukishamsomea mtu kwa sauti habari ya kijana aliyeganda miguu, huruma inakuja yenyewe. Mwisho wa kitabu kuna kurasa nyingi za majina ya wafu wao, kwa mpangilio wa herufi, kila mmoja na msalaba mdogo pembeni. Ewald alitaka nisome na hizo. Yupo hata farasi aliyetajwa kwa jina, Liese, aliyevuta mzinga mpaka majira ya baridi ya pili. Watu wa vijiji walivyopita hakutajwa hata mmoja. Hilo sikuliona mimi, maana nilikuwa msomaji asiyeelewa anachosoma. Aliliona yeye, uzeeni, na likawa linamsumbua.

Katika moja ya sura alizoandika baba yake kuna sentensi ambayo niliisoma mara nyingi mpaka ikanikaa. Inasema kikosi kilifika kijiji fulani kando ya mto, kikapumzika siku tatu, na farasi wakapata maji ya kutosha. Basi. Mstari unaofuata wameshaondoka. Mapumziko wao wanaita Rast. Siku aliponieleza sentensi hiyo nilikuwa nimeshika kikombe chake cha chai, nikakiweka chini.

Unajua kwa nini, mama? Kwa sababu ni sentensi yangu. Umeisikia tangu utotoni. Kila ulipokuwa ukiniuliza tulikujaje huku, nilikuwa nakupa safari yangu kama mtu anayesoma majina ya stesheni: nilitoka nyumbani, nikafika kijiji fulani mlimani juu ya ziwa, tukapumzika siku tatu, nikavuka ziwa, Kigoma, Mbeya, Tunduma, Lusaka ambako nilimkuta mama yako, Harare, Beitbridge, Joburg. Na wewe, mtoto wa kupenda chakula, ulikuwa unauliza swali lilelile kila mara: "Hizo siku tatu mlikula nini?" Nami nikakujibu mihogo. Ulikuwa unaridhika na mihogo.

Ngoja nimalize kwanza ya Ewald, nisije nikapata sababu ya kutoyafikia ya kwangu.

Mwaka juzi, nikikisoma kitabu mara ya pili, jalada la nyuma lilibanduka gundi, na ndani yake kulikuwa na karatasi mbili zilizokunjwa. Moja ilikuwa fupi, yenye sahihi. Nyingine ilijaa taipu juu mpaka chini. Nikamwambia, Mzee, kuna karatasi humu. Akasema soma. Nikasoma ile ndefu vilevile kama nilivyosoma kila kitu, kwa sauti yangu ya padre, nikijitahidi kutamka vizuri, na nilipofika katikati nikaona ameacha kugonga vidole. Nilimaliza.

"Umeruka mstari," akasema.

"Sikuruka, Mzee."

"Ndiyo. Najua. Soma tena."

Nikasoma tena. Mwanangu, nilisimama mbele ya mzee yule nikamsomea mara mbili jambo ambalo baba yake hakuweza kumwambia maisha yake yote, na mimi mwenyewe sikujua nasoma nini. Nilikuwa nawaza kama mchele umeungua jikoni.

Halafu akanieleza. Zile siku tatu kando ya mto hazikuwa za mapumziko. Askari wao mmoja alikuwa ameuawa karibu na daraja, na ikaamriwa kijiji kilipe. Karani aliambiwa aandike orodha, nyumba kwa nyumba. Akaandika kwa taipureta yake, nakala tatu, kama ilivyotakiwa. Siku ya tatu watu wa kwenye orodha walipelekwa nyuma ya ghala, na kijiji kikachomwa. Kweli farasi walikunywa maji. Baba yake aliyaandika haya yote baada ya miaka, ili yaingie kitabuni, na ile karatasi fupi ilikuwa jibu la kamati. Walimwambia kwa adabu kwamba ukurasa huo hauhitajiki, utawaumiza wajane wa wenzao. Akaukunja, akaandika sentensi ya mapumziko mahali pake, na ukurasa akauficha jaladani.

Ewald hakulia. Alisema, "Huyu mtu alinifundisha kuendesha baiskeli." Kisha akasema maneno ambayo ndiyo yaliyonikalisha mezani leo. "Angeniambia mwenyewe, ningemkasirikia mwaka mmoja. Labda kumi. Sasa nimkasirikie nani? Nimebaki na karatasi."

Akaniuliza kama kwetu pia kulikuwa na mambo ya namna hiyo. Nikamjibu kwamba vita ni vita popote, nikaenda jikoni kuangalia mchele. Nilipata nafasi, mtu aliye tayari kunisikiliza kuliko padre yeyote, nikaenda kuangalia mchele. Alikufa miezi minne baadaye bila kuujua upande wangu. Hilo ni kosa langu la karibu zaidi. La zamani ndilo hili.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Nilikuwa nimemaliza sekondari, kazi hakuna, na milimani kulikuwa na kikundi cha vijana wenye bunduki waliosema wanalinda watu wetu. Nilikaa nao miezi minane. Wewe niliwahi kukuambia kwamba niliwakimbia watu wa namna hiyo, na ofisi ya wakimbizi niliwaambia hivyohivyo. Ni kweli niliwakimbia, ila nilikuwa mmoja wao. Kwa kuwa nilikuwa na mwandiko mzuri, kamanda alinipa daftari na biki. Bunduki nilikuwa nayo, na sitakudanganya kwamba ilikuwa nzito kwangu. Nilijiona mtu.

Tulifika kijiji kimoja kikubwa kidogo. Kamanda alishuku kwamba wanaume wa pale wanawalisha maadui zetu, mimi hilo sikuambiwa. Mimi niliambiwa niandike majina ya wenye nyumba, jina moja kila nyumba, na niseme ni orodha ya kugawa chumvi. Nikapewa nyumba ya kulala. Mwenye nyumba alikuwa mwanaume mfupi, mcheshi, mkewe mkimya, na walikuwa na binti mdogo wa kama miaka sita aliyeitwa Faida.

Sasa umeanza kuelewa. Tulia, endelea kusoma.

Unajua desturi yetu. Mtu akishazaa, jina lake linawekwa kabatini. Yeye ni Papa Faida, mkewe ni Mama Faida, na unaweza kuishi jirani naye miaka kumi bila kujua aliyembatiza alimwita nani. Kamanda alilijua hilo. Alinirudishia daftari siku ya kwanza akasema hataki Papa fulani na Papa fulani, anataka majina ya kweli. Mimi ningeyapata wapi? Nikamwomba Papa Faida anisaidie. Akavuta kigoda, akakaa nami jioni nzima, akanitajia majirani zake wote kwa majina waliyokuwa wameyaficha, akicheka, kwamba huyu mwenye ndevu kumbe ni Fidèle na yule mlevi kumbe ni Innocent. Alinisahihisha hata herufi. Mkewe akatuletea mihogo ya kuchemsha na sombe, yale majani ya mihogo. Tulikula sahani moja.

Siku ya pili jioni nilimpelekea kamanda orodha. Kulikuwa na nyumba za wajane, nilikuwa nimewaandika. Akaniambia niwafute, wanawake hawatakiwi. Nikarudi nikiwaza chumvi gani hiyo isiyoliwa na wanawake. Hapo nilijua, Faida. Usikubali mtu akuambie kwamba baba yako hakujua. Nilijua kuanzia jioni ile, na nilikuwa na usiku mzima.

Jina la Papa Faida mwenyewe nilikuwa sijaliandika bado. Nilikuwa nimeliachia mstari wazi, wa mwisho kabisa, kwa sababu ya ucheshi wetu tu, kwamba mwenye nyumba anakuja mwisho. Kwa hiyo ilikuwa rahisi sana. Ningeuacha mstari ule mtupu. Ningeuruka. Lakini kamanda alikuwa amehesabu nyumba, nami niliogopa hesabu yake. Asubuhi nikamwuliza mwenyeji wangu, akiwa ananawa uso, "Na wewe jina lako kamili ni nani?" Akajifuta, akanitajia polepole, akasubiri nimalize kuandika.

Walikusanywa kwenye uwanja wa shule. Mimi ndiye niliyesoma majina. Papa Faida aliposikia lake alinyoosha mkono akajibu, "Présent," kama mwanafunzi, na wenzake wakacheka. Mimi nilirudishwa kwa wanawake, kuwaambia wapike, chumvi inakuja. Nilimkuta Mama Faida anamenya mihogo. Risasi zilipoanza alinitazama, kisu kikaendelea kumenya, kana kwamba mikono haikuwa imesikia. Binti yake alikuwa ameshika suruali yangu. Mchana nilisema naenda kuteka maji, nikaiacha bunduki shambani, nikashuka mpaka ziwani, sikugeuka. Hiyo ndiyo safari yangu ya kuja Joburg. Vituo vingine vyote ulivyovisikia ni vya kweli.

Uliniuliza mara nyingi jina lako limetoka wapi nikakuambia ni la shangazi yangu. Sina shangazi mwenye jina hilo. Nilipokushika mara ya kwanza hospitalini hapa, nilikutazama nikasema Faida, na mama yako akalipenda. Sikukupa jina lile kwa ajili yako wewe, nisamehe kwa hilo. Nilitaka niitwe yeye. Nilitaka kila mtu, mwenye duka, mchungaji, watoto wa mtaani, wakiniita Papa Faida, mimi peke yangu nisikie wanamwita nani. Nilidhani hiyo ni adhabu. Kumbe baada ya miaka nikazoea, nikawa naitika haraka, nikalipenda. Nilichukua uhai wa mtu, halafu nikachukua na jina lake nikalivaa mpaka likanikaa vizuri. Naona aibu kuliandika hili kuliko yote niliyoandika juu.

Sasa unajua pia kwa nini mimi si mtu wa mikutano ya Wakongo siku ya Jumapili. Ulikuwa unasema Papa ana maringo. Nikienda, kila anapoletwa mgeni aliyetoka milima ile, mimi huwa nyuma mlangoni namtazama umri. Faida yule sasa ni mwanamke mzima. Anaweza kuwa Uvira, anaweza kuwa hapa jirani, Yeoville, anauza mboga. Nimejificha miaka ishirini nisionane na yule mtoto, nikiwa nalala nyumba moja na jina lake.

Jumapili iliyopita nilimwambia mama yako. Alikuwa anakunja nguo zako, akaendelea kukunja mpaka nikamaliza. Nilitegemea kelele. Alichosema ni hiki: "Kumbe miaka yote hii na mie uko unanivalisha jina ya bibi ya watu." Maana yeye kwa kila mtu ni Mama Faida. Hajaniita Papa Faida tangu siku ile. Ananiita wewe. Juzi alisema neno moja lingine, kwamba mtoto hatapanda ndege bila kujua, na kama mimi sitasema atasema yeye. Kwa hiyo usinipe sifa za ujasiri. Nimesukumwa.

Unakwenda kuishi na watu ambao baadhi yao wana kitabu cha kijivu nyumbani. Usiwaogope, na usijifanye bora kuliko wao. Na unakwenda kujifunza kazi ya kuuliza watu majina. Kila asubuhi utasimama kando ya kitanda na fomu mkononi, utauliza jina kamili, utaandika. Ukifanya hivyo mtazame mtu usoni mpaka amalize kulitaja. Mimi nilitazama daftari. Na siku moja mtu mwenye cheo akikuambia uongeze jina au ufute jina bila kukupa sababu, muulize sababu hata kama sauti inatetemeka. Sikuambii utakuwa salama ukiuliza. Mimi sikuuliza, nikawa salama, na maisha yangu unayaona.

Barua hii inaweza kuniletea matatizo ikifika mikono mingine, unajua habari za makaratasi yetu ya ukimbizi. Sikuombi uifiche. Fanya nayo utakavyo, ni yako. Jina lako nalo ni lako, umeliishi vizuri kuliko nilivyolitoa. Ukitaka kulibadilisha nitatia sahihi popote. Ukitaka kubaki nalo, ujue tu yupo mwenzio.

Na mimi nikipata nguvu, nitaanza kukaa mbele kwenye ile mikutano ya Jumapili. Nimemwahidi mama yako, na sijui kama ataniamini.

Nilitamani usome haya ukiwa mbali, ndani ya ndege, ambako huwezi kunifikia. Mpaka juzi ndivyo nilivyopanga. Nikamkumbuka Ewald na karatasi yake. Nimeamua uisome leo, ukiwa na nywele mpya, ukiwa na jioni nzima na asubuhi moja, na mimi nikiwa karibu kiasi cha kutukanwa. Kama una hasira, ninayo masikio. Kama ni ya miaka kumi, niko tayari kuisikiliza kwa simu, kwa lugha yoyote utakayoichagua.

Gari la kukupeleka uwanjani linakuja kesho saa nne. Nitakuwa nimekaa kwenye ngazi ya mbele, nimevaa koti la kanisani. Mtaani wataniita Papa Faida kama kawaida, siwezi kuwazuia. Wewe umekuwa ukiniita Papa, fupi hivyo, tangu ulipojua kusema. Ukitoka ukaniita hivyo, nitachukua begi lile kubwa na kwenda nawe. Ukipita kimya, nitalifungua geti, nitakaa, na nitaelewa.

Huyo mwanaume aliitwa Kashindi Alimasi. Niliandika jina lake vizuri, alinisahihisha mwenyewe, ni i mwishoni. Hakuna kitabu kilicholiandika, na daftari lile sijui liliishia wapi. Ukimaliza kusoma, lisome jina hilo mara moja tena, kwa sauti, nyumbani kwetu halijawahi kutajwa.

Ni mimi, kwa mwandiko uleule,

Yosua Mulonda